Foleni ya Mawe

Wiki hii naanza na ukurasa mmoja wa gazeti. Mama alikuwa akisafisha sanduku lake la bati, akaukuta chini kabisa, aliuotandika miaka mingi iliyopita ili vitenge visishike kutu. Habari kubwa ilikuwa ya kiongozi mmoja akiwahakikishia wananchi kwamba sukari ipo ya kutosha. Chini, pembeni, palikuwa na katuni: mlango wa duka umefungwa, mbele yake mstari mrefu wa mawe, na mzee wa kanzu anagombana na jiwe moja, akidai limeingia mbele yake.

Mwanangu wa darasa la sita alicheka, kisha akauliza: "Bibi, haya mawe yanafanya nini hapa?"

"Wewe cheka tu," akajibu bibi yake. "Mimi langu lilikuwa la tatu."

Mtoto huyu anajua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Vita vya Kagera vikaanza 1978, na msako wa wahujumu uchumi ukaja 1983 chini ya Edward Sokoine. Yote yamo daftarini. Halimo la mtu kuamka saa kumi alfajiri, akaweka jiwe lake, au hata ndala iliyokatika, mbele ya duka la ushirika, kisha akarudi nyumbani kuwapikia watoto uji. Jiwe liliheshimiwa kama mtu. Si siku zote, lakini. Mama akatuambia kwamba mara moja jiwe lake lilisogezwa, na kwa nusu kilo ya sukari hakusemezana na jirani yake miaka miwili. Jirani huyo nilikuwa namwita shangazi. Habari hiyo sikuwahi kuisikia.

Sisi wa redio na magazeti hudhani historia tunaitunza sisi, kwa hotuba na taarifa zetu. Sina hakika. Gregory alipomchora Chakubanga katika Uhuru, au Edward Gitau alipomchora Juha Kalulu kule Kenya katika Taifa Leo, hawakuwa na njia ya kukwepa kiatu, sufuria, na sura ya mtu aliyechoka. Bila hivyo mzaha haueleweki. Msoma habari hana sharti hilo.

Nasema haya nikijua yangu. Mapema 2024, sukari ilipoadimika tena nchini, nilisoma hewani taarifa kwamba nyingine inaagizwa kutoka nje. Taarifa ilikuwa sahihi. Lakini sikubeba kinasa sauti hata mpaka duka la mtaani kwetu nikamuuliza mama mmoja anapimiwa kiasi gani, na chai ya watoto anaifanyaje.

Nilimwomba Mama ule ukurasa nikautunze ofisini. Alikataa. Aliurudisha chini ya vitenge, safari hii katuni ikitazama juu.