Mkataba Usiomtaja Mwandishi



Mei 2014, msomaji wa Marekani aliyetaka kuagiza mapema The Silkworm, riwaya ambayo J.K. Rowling aliitoa kwa jina la Robert Galbraith, alifungua ukurasa wake Amazon akakuta jina la kitabu na la mwandishi. Kitufe cha kuagiza hakikuwepo. Vitabu vingine vya mchapishaji wake, Hachette, ambavyo kwa kawaida humfikia mteja baada ya siku chache, viliandikiwa kwamba vingechukua wiki kadhaa. Hachette ilisema mzigo ilikuwa ikiupeleka kwa wakati. Kilichokosekana ni mkataba kati ya Amazon na Hachette: wa zamani ulikwisha, na mpya walishindwa kuelewana.

Walichogombania zaidi ni vitabu vya kielektroniki: nani apange bei, na muuzaji abaki na fungu gani. Amazon ilipoleta kifaa chake cha kusomea, Kindle, mwaka 2007, vitabu vingi vipya iliviuza dola 9.99, mara nyingi chini ya bei iliyovinunulia. Mwaka 2010 wachapishaji wakubwa wakahamia kwenye uwakala pamoja na Apple: mchapishaji apange bei, muuzaji achukue asilimia 30. Serikali ya Marekani ikaona hapo njama ya kupandisha bei, na mwaka 2012 ikaishtaki Apple pamoja na wachapishaji watano, Hachette ikiwemo. Hachette ikakubali suluhu. Miaka miwili baadaye ikakaa mezani na Amazon, safari hii peke yake.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na sishangai kampuni mbili kuvutana. Tena hoja ya Amazon kwamba kitabu cha bei nafuu huuzika zaidi ina uzito. Ninachokataa ni kumbana asiyehusika. Mwandishi hakuweka saini kwenye mkataba ule, wala hakuonyeshwa. Lakini oda za mapema huhesabiwa katika mauzo ya wiki ya kwanza, na kwa anayetoa kitabu chake cha kwanza, wiki hiyo ni kila kitu. Mmoja wao, Edan Lepucki, aliokolewa na Stephen Colbert, aliyewahimiza watazamaji wake wa televisheni wainunue riwaya yake, California, katika duka la Powell's. Ikaingia orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Wenzake wengi hawakuwa na wa kuwasemea.

Agosti, waandishi zaidi ya 900 wakiongozwa na Douglas Preston walitia saini barua iliyochapishwa kama tangazo katika gazeti hilohilo, kwa dola 104,000, wakiitaka Amazon iache kuzuia mauzo ya vitabu vyao. Kabla ya hapo Amazon ilikuwa imependekeza waandishi wapewe mapato yote ya vitabu vya kielektroniki mpaka ugomvi uishe. Hachette ilikataa, na naielewa: Amazon ingemudu kuyakosa mapato hayo, mchapishaji asingemudu.

Tarehe 13 Novemba walipatana. Hachette ikapewa kupanga bei ya vitabu vyake vya kielektroniki. Masharti mengi yakabaki siri yao.

Wanafunzi wa sheria, ushindani usipimwe kwa bei anayolipa mnunuzi peke yake. Ulizeni pia mwenye bidhaa ana mlango mwingine wa kuuzia au hana. Nanyi waandishi, kabla ya kutia saini, daini kifungu kinachosema mtalipwa nini mchapishaji na muuzaji wakigombana huku kitabu chenu kiko ghalani.