Kibanda cha Nyuma ni cha Nani?

Tumeombwa tuseme juu ya nyumba za kupanga huko Thika na Ruiru. Mtasema: sisi ni watu wa shamba, hayo yatuhusu nini? Lakini wengi wenu mna watoto wanaokodi chumba Makongeni au Githurai Kimbo, na wachache mna ploti huko, hata kama hampendi majirani wajue.

Chumba ni kimoja, watu watano, na jiko liko karibu na kitanda. Ndiyo maana mpangaji huomba nafasi nyuma ajenge kibanda cha kupikia au cha kuku. Je, landilodi akubali? Sisi tunasema akubali, lakini kabla ya msumari wa kwanza waandikiane.

Tulimjua mama mmoja pale Ruiru. Alipewa ruhusa ya mdomo tu. Akanunua mabati kumi kwa mkopo wa chama, fundi akajenga, akamwaga na simiti chini. Mwaka haujaisha, kodi ikapandishwa. Aliambiwa, "Si sasa una vyumba viwili?" Aliposhindwa kulipa akahama, mabati yakabaki, na chama bado kinamdai. Tulienda kuongea na mwenye nyumba, akatuuliza karatasi iko wapi. Hatukuwa na jibu.

Landilodi naye ana yake. Sehemu nyingi za Ruiru ploti hutegemea shimo la choo. Mpangaji akijenga juu ya mfuniko, gari la kunyonya litafanyaje kazi? Na akiweka mtu mwingine mle ndani amtoze kodi, hilo ni jambo jingine kabisa: Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya maandishi ya mwenye mali. Tena kujenga kunataka kibali cha kaunti ya Kiambu, na askari wa kaunti (watu bado wanawaita kanjo) wakija kubomoa hawaulizi nani alinunua mbao.

Karatasi yenyewe si lazima iwe ya wakili. Ukurasa wa daftari unatosha: kinajengwa nini na wapi, nani anatoa pesa, kodi haitaguswa kwa muda gani, na siku ya kuhama mabati ni ya nani. Watie sahihi mbele ya mashahidi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Mpangaji atumie nguzo na misumari, asimwage simiti, kwa kuwa bila maandishi kilichoshikamana na ardhi sheria hukihesabu cha mwenye ardhi.

Yule mama sasa amepanga Makongeni. Karatasi yake iko ndani ya kitabu cha chama. Landilodi mpya alicheka alipoombwa sahihi, halafu akaongeza mstari wake mwenyewe: kuku wasizidi watano.