Nanga, Mwangwi na Prosesa ya Michoro



Prosesa ya michoro ilikuzwa na michezo ya kompyuta. Skrini ya kawaida ina vitone zaidi ya milioni 2, na kukokotoa rangi ya kitone kimoja hakusubiri rangi ya jirani yake. Ndiyo maana kadi inayobeba prosesa hiyo ina viini vidogo kwa mamia na maelfu, vyote vikipiga hesabu kwa pamoja. Mwaka 2007 kampuni ya Nvidia ilitoa CUDA, na watafiti wakapata njia nyepesi ya kuipa kadi kazi zisizo za picha. Sauti ni mojawapo.

Tuchukue Kanisa Kuu la hapa mjini Bukoba. Pasua puto ndani yake, urekodi mlio hadi mwangwi ufifie. Tuseme sekunde 3. Kwa sampuli 48,000 kila sekunde, utapata namba 144,000. Kwa namba hizo, nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, iliyopigwa chumbani Muleba itasikika kana kwamba imepigwa kanisani. Lakini kila sampuli inayotoka hudai kuzidisha mara 144,000, yaani karibu mara bilioni 7 kwa sekunde, kwa maikrofoni moja tu! Kanuni ya Cooley na Tukey ya mwaka 1965, ya kukokotoa mageuzi ya Fourier kwa haraka, hupunguza mzigo huo mno, hata prosesa kuu ya kompyuta ikaumudu. Kadi huhitajika hasa vyanzo vya sauti vinapokuwa makumi kwa makumi, au tunapotaka kuiunda ngoma yenyewe kwa hesabu, ngozi, mzinga na hewa inayoizunguka, kama walivyofanya Stefan Bilbao na wenzake katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Kazi inayoifaa kadi ni kama kuchuma buni: wachumaji mia huingia shambani pamoja, kila mmoja na mbuni wake. Vichujio vingi vya sauti haviko hivyo. Jibu la sasa hujengwa juu ya jibu lililotangulia, na viini vingi hukaa bure. Tena mpigaji jukwaani husumbuka sauti ikichelewa milisekunde 10 hivi, ilhali kadi hufanya kazi vizuri ikipewa mafungu makubwa. Fungu la sampuli 64 ni milisekunde 1.3 tu.

Kwa hiyo studio ya Bukoba isinunue kadi kwa ajili ya jukwaa. Iinunue kwa ajili ya kusafisha kanda za zamani za nanga. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizitafiti tendi za nanga za Wahaya katika tasnifu yake ya mwaka 1986, na tunazo tendi za Rukiza na Kaiyula katika maandishi. Maandishi hayabebi mlio wa nyuzi wala pumzi ya mwimbaji. Mitandao ya neva ya kompyuta yaweza kumtenga mwimbaji na muungurumo wa mashine ya kurekodia, na kazi hiyo haina haraka. Hapo kadi inastahili bei yake.

Tahadhari ni moja. Programu iliyofunzwa kwa magitaa na piano haiijui nanga, na yaweza kufuta mkwaruzo wa uzi au itikio la msikilizaji ikidhani ni kelele. Nakala ghafi isiguswe kamwe.

Wazee wangu, mwenye kaseti ya nanga nyumbani asiitupe wala asirekodi kitu kingine juu yake. Ileteni tuinakili kwanza, kusafisha kutafuata.