UJUMBE WA TAWI: MAKATO YA MAFUNDI

Tunawatumia tuliyosema kikaoni, kwa mliokuwa saiti.

Wengi hapa tawini tunakula kwa mwiko, na wachache wetu ni wakandarasi wadogo. Basi tuelewane kuhusu makato.

Msaidizi anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi hukatwa 40,000 ya NSSF, na mwajiri anaongeza 40,000 yake. Inabaki 360,000. Kodi ya mshahara huanza juu ya 270,000, hivyo ni 8% ya 90,000, yaani 7,200. Mkononi 352,800. Ukipewa pungufu, omba hesabu kwa maandishi.

Fundi wa mkataba, asiye mwajiriwa, hukatwa kodi ya zuio 5%, na hapa ndipo watu wanapoumizwa. Kodi hiyo ni ya ufundi, si ya saruji na nondo. Mkataba wa 5,000,000 pamoja na vifaa hugawanywa mafungu matatu ya vifaa, mawili ya ufundi: 5% ya 2,000,000 ni 100,000. Tumeona watu wakikatwa 250,000, tena bila cheti! Bila cheti cha zuio, fundi hana cha kuwaonyesha TRA kwenye hesabu za mwaka. Atalipa tena kodi ileile.

Wakandarasi wetu, fedha hiyo ipelekwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kuinunulia mchanga kwanza ni kumkopa fundi bila kumwomba.

Jumamosi saa 4 asubuhi tupo ofisi ya tawi. Njooni na mikataba na risiti, hesabu tutawapigia bure.

Katibu wa Tawi