Khabari Isiyokuwa na Isnadi
(Hotuba iliyosomwa Rongui mbele ya wazee na vijana wa chama chetu)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nimetakiwa niseme machache juu ya picha za video zipitazo katika simu, na yale zifanyayo katika nyoyo za vijana wetu. Sikuja kuitukana simu. Kwa simu hiyo baharia hujua upepo wa kesho, na mama aliye Pemba humwona mwanawe aliyebaki kisiwani. Wala michezo ya ngoma ambayo vijana huigana sitaki kuisema sana. Kila zama zina ngoma zake, na sisi nasi tulicheza zetu. Liko jambo zito kuliko hilo.

Waliosoma elimu ya Hadithi wajua ya kuwa khabari haipokewi kwa utamu wake. Imamu Bukhari alisafiri miji mingi akiwatafuta wapokezi: huyu aliisikia kwa nani, walikutana kweli, ni mwadilifu, hifadhi yake ni nzima? Silsila ikikatika pahali pamoja, khabari hudhoofika. Sasa itazameni video iletwayo kwa WhatsApp. Kila ipelekwapo mbele, jina la aliyeianzisha huanguka. Ikisha kupelekwa mara tano na zaidi huwekewa alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 haiwezi kupelekwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Maana yake, wenye chombo wenyewe wanatuonya ya kuwa khabari hii imetoka mbali na mwenyewe. Walakin kijana akiiona mishale miwili hudhani ni ushahidi kwamba watu wengi wameisadiki! Elimu imesimamishwa kichwa chini, miguu juu.

TikTok nayo ina hila yake. Haingoji uiulize, hupima muda uliotazama, kisha hukuletea ya jinsi ile ile. Aliyekaa juu ya video moja ya hasira hupewa ya pili na ya tatu, hata akaona ulimwengu mzima umekasirika pamoja naye.

Mambo haya hayako mbali nasi. Watafiti walioandika juu ya chanzo cha vita vya Cabo Delgado wametaja hotuba za Aboud Rogo wa Mombasa, aliyeuawa Agosti 2012, jinsi zilivyosikizwa na vijana wa pwani yetu, kwa kuwa zilisemwa kwa Kiswahili. Vita vikaanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Na Machi 2020, waasi walipouingia mji huo na kisha Quissanga, picha zao zilizagaa simuni, na bendera yao na bunduki zao. Kijana asiye na wavu wala kazi akaona watu wa lugha yake wamekuwa mashujaa. Haikuwamo katika picha hizo khabari ya Xitaxi, wilaya ya Muidumbe. Huko, tarehe 7 Aprili 2020, haujapita hata mwezi, vijana 52, kwa kauli ya polisi, waliuawa kwa kuwa walikataa kuingia katika jeshi la waasi. Nao walikuwa vijana kama hawa walioketi mbele yangu.

Na uvumi huua hata usipotaja bunduki. Tarehe 7 Aprili 2024, chombo cha uvuvi kilichopakia watu 130 hivi kilitoka Lunga kwenda Ilha de Moçambique, kikazama. Waliokufa walizidi 90, na wengi walikuwa watoto. Wakubwa wa Nampula walisema watu wale walikuwa wakikimbia khabari za uwongo juu ya kipindupindu. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo cha uvuvi kupakia watu 130.

Kijana apelekaye picha ya waasi kwa mzaha hujitia baina ya panga mbili. Askari akiikuta simuni mwake hatamuuliza nia. Na waasi wamepata mjumbe wasiyemlipa. Suratul Hujurat imetuamrisha kuichunguza khabari kabla ya kuitendea kazi. Basi mwanangu, uliza: nani aliyeipiga picha hii, wapi, lini, na kwa nini amelificha jina lake? Ukikosa jawabu, ikome kwako.

Nanyi wazazi, kijana akija kuwaambia aliyoyaona, msimpokee kwa fimbo wala msimtangaze barazani. Mkimkaripia leo, kesho ataipeleka khabari yake kwa asiyemkaripia, na hao wanaomngojea wana subira. Watamsikiliza usiku kucha. Sisi masheikh nasi hatuna budi kukaa nao baada ya Isha, hata maswali yakiwa mazito: kwa nini gesi imeonekana katika bahari hii ya Palma naye hana kazi? Kwa nini aliyekimbia kwao hajarudi? Ni maswali ya haki, na tukiyanyamazia wako watakaoyajibu kwa niaba yetu.

Wassalaam alaykum.