Kuchagua Msumeno wa Kukatia Kuni Ndogo



Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za msumeno wa kukatia kuni. Si ule wa mkono tuujuao sote, bali ule uendeshwao kwa injini au kwa nguvu za umeme. Habari za kuangusha miti mikubwa hatutazigusa, maana kazi ile ina mafundi wake. Sisi tutasema juu ya vigogo vidogo tu: matawi ya mikaratusi, na miti ya miwati iliyokwisha ambuliwa magome, kama ile ipelekwayo kwa lori katika majiko ya shule za nyanda za juu, huko Njombe, Lushoto na Limuru. Unene wake ni kama mkono wa mtu, na ukizidi sana ni kama paja.

Watu wengi hudhani kwamba mti mdogo ni kazi ndogo. Sivyo. Gogo kubwa hutulia chini kwa uzito wake lenyewe, na msumeno ukiligusa halitikisiki. Kijiti chembamba hakina uzito wa kukizuia. Meno ya mnyororo yakikishika hukivuta, hukizungusha, pengine hukitupa. Na mwenye kazi, akiona kinacheza, hukikanyaga kwa mguu wake. Hapo ndipo penye madhara.

Sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili. Tulitaka kuwapunguzia wapishi wa shule yetu kazi ya shoka, tukaenda mjini, tukanunua msumeno wa petroli wenye ulimi wa inchi 20. Twasema ulimi kwa maana ya lile bapa la chuma ambalo mnyororo huzunguka kandokando yake. Mwenye duka aliusifu kwa nguvu zake, nasi twakiri kwamba tulipendezwa pia na ukubwa wake. Siku ya tatu mwenzetu mmoja alikanyaga tawi la muwati akaanza kukata. Tawi likazunguka, ncha ya ulimi ikagusa tawi jingine lililokuwa nyuma, na mara msumeno ukaruka juu kuelekea begani mwake, kisha ukashuka. Kiatu chake kilichanwa mpaka soksi ikaonekana. Mguu wenyewe, namshukuru Mungu sote, haukuguswa. Jioni ile msumeno ulirudi sandukuni.

Sababu ya kuruka kule ni hii. Mnyororo, ufikapo kwenye ncha ya ulimi, hugeuka. Sehemu ya juu ya ncha hiyo ikigusa mti, meno hayakati bali hujisukuma, na msumeno wote hurudi nyuma kama punda apigaye teke. Basi mwenye ulimi mrefu katika lundo la vijiti vifupi hujipatia ncha iliyo mbali na macho yake, ikigusa asivyoviona. Ndiyo maana twasema kwamba kwa kuni za namna hii ulimi wa inchi 12 au 14 watosha kabisa, na injini ya sentimita za ujazo 30 hadi 40 ni nguvu ya kutosha. Akikuambia mtu kwamba utajuta kwa udogo wake, mwulize yeye hukata miti gani.

Kabla ya kulipa fedha, jaribuni mambo machache papo hapo dukani. Breki ya mnyororo, yaani kile kikingio kilicho mbele ya mkono wa kushoto, ikisukumwa mbele imzuie mnyororo mara moja. Injini ikinguruma polepole bila kuvutwa, mnyororo usitembee. Tena ulizeni kama mnyororo ni wa aina iliyotengenezwa ili kupunguza lile teke.

Sasa, petroli au umeme? Jiko likiwa karibu na nyumba yenye umeme wa uhakika, msumeno wa waya wenye wati 1,800 hadi 2,000 ni mwepesi, hauna moshi, wala hauhitaji kuchanganyiwa mafuta. Walakini waya wake huweza kukatwa na mnyororo wenyewe, na mvua ikinyesha kazi haina budi kuachwa. Wa betri ni mwema kwa nyumba moja. Kwa shule ya watoto mia nne betri itakwisha kabla ya lundo. Wa petroli huenda popote, ila ni lazima petroli ichanganywe na mafuta ya injini ya namna yake, kwa misumeno mingi mililita 100 katika lita 5. Mfuateni mtengenezaji aliyoyaandika. Wenye kuni nyingi sana, kama viwanda vya chai, hutumia msumeno wa duara uliofungwa juu ya meza, wenye kitanda kinachosukuma kuni kuelekea kwenye meno. Huo ni mwepesi wa kazi, lakini usiuguse kama kikingio chake kimeondolewa.

Hata hivyo msumeno ni nusu ya ununuzi. Nusu ya pili haiuzwi dukani, nayo ni kitanda cha kukatia. Sisi tulichimbia nguzo nane za mti, nne huku na nne huku, jozi na jozi zikiachana sentimita 40, na upana kati ya safu mbili sentimita 25. Kati ya kila jozi tulifunga mti wa kulalia, kimo cha goti, kwa kamba, si kwa misumari, maana mnyororo ukikuta chuma umekwisha. Matawi hupangwa humo kama samaki kapuni, hukazwa kwa kamba, kisha hukatwa yote pamoja kutoka juu kwenda chini, kati ya jozi na jozi. Hakuna anayekanyaga kitu. Vijiti ishirini hukatwa kwa mkato mmoja, navyo hutoka sawa kwa urefu, jambo liwapendezalo wapishi.

Meno ya mnyororo mwingi wa leo yana asili ya ajabu kidogo. Katika mwaka 1946 huko Oregon, Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Cox aliona buu akitafuna kisiki kwa taya zake, mara kulia, mara kushoto, akaiga namna hiyo katika chuma. Basi meno hayo hutaka kunolewa kwa tupa ya mviringo, na kwa minyororo mingi midogo ni ya milimita 4. Angalieni kinachoanguka chini: kikiwa ni vipande vipande, meno ni makali, kikiwa ni unga, zimeni msumeno mnoe, kabla mkono haujaanza kuusukuma kwa nguvu.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutasema juu ya kukausha kuni hizo kabla hazijafika jikoni. Kwaherini.