Tuwahurumie Pia Wanyama wa Wasio na Makazi



Mjini London wamo watu walalao njiani ambao mwenzao wa pekee ni mbwa. Nyumba nyingi za hifadhi hazipokei mbwa. Basi mtu huacha kitanda, akalala kwenye baridi, asimtupe mwenziwe. Mwaka 2016 madaktari wawili wa wanyama walianzisha StreetVet, wakawatibu wanyama hao barabarani bila malipo.

Wengine wetu tutasema mbwa ni najisi. Najisi huoshwa, ugumu wa moyo je? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa na Mola wake. Basi tumpelekeapo maskini chakula, tusimsahau mnyama aliye ubavuni pake.

Wabillahi tawfiq.